Kazi ya Ulinzi Ng'ambo: Mjue Wakala Kabla ya Kupanda Ndege

Askari anapovua sare baada ya miaka mingi ya utumishi, havui ujuzi wake. Shabaha, nidhamu na uvumilivu wa kukesha langoni usiku kucha hubaki naye, na hiyo ni mali. Mali hiyo ina wanunuzi. Na kati ya mnunuzi na mwenye mali husimama mtu wa tatu, yaani wakala wa ajira. Leo twapenda kumtazama mtu huyo, kwa kuwa wengi wa wale anaowatafuta ni ndugu zetu waliostaafu jeshini na polisi.

Jambo lenyewe si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge katika Tanganyika ya wakoloni waliunda shirika la kuwaandikisha vibarua, likajulikana kwa jina la SILABU. Watu walichukuliwa kutoka mbali kwa mkataba, wakapewa namba, na kutokana na namba hizo likazaliwa neno "manamba". Bei ya jasho la mtu ilikwisha kupangwa kabla hajaliona shamba.

Tuje sasa Uganda. Tangu mwaka 2005 makampuni ya Kampala yalipeleka maelfu ya walinzi nchini Iraki kulinda kambi za jeshi la Marekani, na wengi wao walikuwa wamepata kushika silaha. Mwanzoni mshahara ulikuwa kiasi cha dola 1,000 kwa mwezi. Kufikia mwaka 2009 ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha dola 600. Je, jua la Iraki lilikuwa limepoa? La! Kazi ilikuwa ile ile na lango lile lile. Kilichozidi ni idadi ya makampuni, kila moja likishindana na mwenzake kumpatia mwajiri mlinzi wa bei nafuu. Walioshindana ni mawakala. Aliyepunguziwa ujira ni mlinzi. Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi.

Hata hivyo, mshahara mdogo peke yake haumfungi mtu. Kinachomfunga ni deni. Mtu akiuza kiwanja au ng'ombe, au akikopa kwa riba ili amlipe wakala, huondoka nyumbani akiwa amekwisha kushikwa. Akifika ugenini akawekewa mbele yake mkataba mwingine wenye mshahara pungufu, atakataaje? Atarudi kwa nani, na deni atalilipa kwa nini? Ndiyo maana Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, wasema kwamba kwa kawaida wakala asimtoze mfanyakazi ada. Gharama ni ya mwajiri. Septemba 2012 Rais Barack Obama naye alitoa amri kwamba makandarasi wa serikali ya Marekani wasiwatoze wafanyakazi ada ya kuandikishwa.

Liko pia jambo la majeraha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1941 yawataka makandarasi wa kambi zake za ng'ambo kuwakatia wafanyakazi bima, pasipo kujali taifa lao. Lakini wapo walinzi waliorudi nyumbani na ulemavu bila kuambiwa kwamba wana haki ya fidia. Haki usiyoijua ni kama risasi iliyosahauliwa ghalani.

Kwa ndugu zetu polisi tuna neno la pekee. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 ya kuzuia biashara haramu ya binadamu haikubali udhuru wa kwamba mtu aliridhia mwenyewe kunyonywa. Kwa hiyo, mlalamikaji anapofika kituoni, tusimfukuze kwa maneno ya "si ulitia sahihi mwenyewe?" Tumwulize alidanganywa nini, alilipa kiasi gani, na nani alizuia pasipoti yake. Andika maelezo yake yote. Huo ndio mwanzo wa ushahidi.

Na kwa sisi tulio kambini: ofisa anayepitisha orodha ya majina kwa dalali ili apate chochote, anawauza wenzake. Hapana jina jingine la kitendo hicho.

Basi, ndugu unayekaribia kustaafu, usikatae safari kwa hofu, wala usiikimbilie kwa njaa. Hakikisha kwanza katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kwamba wakala ana leseni. Soma mkataba hapa nyumbani, katika lugha unayoielewa: mshahara, saa za kazi, bima, na nani atalipa nauli ya kurudi. Dai stakabadhi kwa kila shilingi. Mwachie mkeo au ndugu yako nakala ya mkataba na ya pasipoti. Ukiombwa fedha nyingi upesi upesi, bila karatasi, simama hapo hapo. Mlinzi hodari huanza kulinda lango lake mwenyewe.