Baada ya Kichaa cha Mbwa: Hesabu ya Uswisi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi kichaa cha mbwa kilivyoingia Uswisi mwaka 1967 kikibebwa na mbweha, na jinsi bunduki zilivyoshindwa kukizuia. Kilichofaulu ni kichwa cha kuku. Oktoba 1978, katika bonde la mto Rhône, wataalamu walitawanya vichwa vya kuku vilivyofichwa ndani yake kifuko cha chanjo ya maji. Mbweha akitafuna, kifuko kinapasuka, chanjo inamwagika kinywani, naye anakingwa bila kushikwa na mtu. Mwaka 1999 nchi ikahesabiwa kuwa imekiondoa kichaa.

Wengi huishia hapo, nami nadhani hapo ndipo pa kuanzia. Kichaa kilikuwa kikiua mbweha kwa wingi. Takwimu za wawindaji zinaonyesha kuwa kati ya 1980 na 1995, kichaa kilipokuwa kikidhibitiwa, waliongezeka mara nne. Wakahamia hata mijini. Zürich wakazalia kwenye bustani za watu. Matumboni walibeba tegu wa milimita chache tu, ambaye mayai yake hutoka na kinyesi na kuchafua udongo na mboga. Mtu akiyameza, kiluwiluwi hulitafuna ini polepole, na miaka 10 hadi 15 inaweza kupita kabla hajajua kuwa anaumwa.

Miaka ya 1993 hadi 2000, wagonjwa wapya wa tegu huyo walikuwa wastani wa 0.10 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kati ya 2001 na 2005 wakafika 0.26. Watafiti walilihusisha ongezeko hilo na wingi wa mbweha. Ni wachache, lakini asiyetibiwa kwa kawaida hufa.

Chanjo haikukosea hata kidogo. Kichaa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Ila mnyama aliyeokolewa alihitaji kuendelea kuangaliwa. Zürich walijaribu chambo chenye prazikwanteli, dawa ileile wanayopewa watoto wetu shuleni kwa kichocho, na mayai ya tegu yakapungua sana palipotegwa.

Kwetu mbebaji wa kichaa ni mbwa, na wingi wake hutegemea zaidi anayemlisha. Lakini mbwa huyo, Turkana na Umasaini, hubeba tegu wa jamii hiyohiyo, anayewajaza wafugaji uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Siku ya chanjo mbwa ameshaletwa, ameshafungwa kamba. Inaniuma kuona akirudishwa nyumbani bila dawa ya minyoo.

Juma lijalo: Pemba, ambako kichaa kilitoweka mwaka 2014, kikarudi 2016.