Nyota Aliyekubali Mstari Mmoja

Kolabo nyingi za majina makubwa hazifiki mbali. Picha ya wasanii wawili inasambazwa, wimbo unatoka, mashabiki wa pande zote mbili wanausikiliza wiki mbili tatu, kisha kila mmoja anarudi kwenye nyimbo za zamani za mtu wake. Zile chache zilizoshika namba moja na kubaki masikioni kwa miongo zinastahili kuchunguzwa bila haraka. Kadiri ninavyozifuatilia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba zimejengwa juu ya jambo ambalo staa kwa kawaida halipendi: kupewa kazi ndogo kuliko jina lake, na mtu mwingine kuwa na mamlaka ya kumgawia kazi hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni usiku wa Januari 28, 1985, katika studio za A&M, Hollywood, ulipozaliwa wimbo We Are the World. Wengi wetu tunaujua wimbo huo tangu utotoni. Namna ulivyotengenezwa ndiyo haijulikani sana, na ndiyo yenye mafunzo.

Chanzo chake ni Harry Belafonte. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kumkumbuka: miaka 20 kabla ya usiku ule, yeye na Miriam Makeba waliimba Malaika katika albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Belafonte alikuwa mwanaharakati kabla ya kuwa mtu wa burudani, na taarifa za njaa ya Ethiopia mwishoni mwa 1984 zilimkosesha raha. Uingereza walikwishachukua hatua. Bob Geldof na Midge Ure walikuwa wamewakusanya wasanii London mnamo Novemba 25, chini ya jina la Band Aid, na wimbo wao ukapanda hadi namba moja kabla ya Krismasi. Belafonte alitaka kufanya tamasha. Alimpigia simu Ken Kragen, meneja wa Lionel Richie na Kenny Rogers, naye Kragen akamshauri kwamba wimbo ungeingiza fedha nyingi zaidi. Simu zikapigwa, na baada ya muda mfupi Richie na Michael Jackson walikuwa wamekaa nyumbani kwa familia ya Jackson huko Encino wakitunga, huku Quincy Jones akikubali kuwa mtayarishaji.

Hapa ndipo uamuzi wa kwanza mgumu ulipofanyika, na ulihusu utunzi. Richie na Jackson wangeweza kutunga wimbo wa kuonyesha uwezo wao. Badala yake walitafuta lahani nyepesi ambayo mtu anaishika mara ya kwanza anapoisikia, yenye kiitikio kinachoweza kuimbwa na mtu asiye na sauti. Wachambuzi wengine waliudharau wimbo kwa wepesi huo. Mimi nauona wepesi huo kuwa ufundi. Wimbo unaopita kwenye koo 21 za waimbaji wa solo, kuanzia country hadi soul na rock, hauwezi kuwa na lahani inayompendelea mmoja. Ungekuwa na kona za Stevie Wonder, Willie Nelson angepotea humo. Ungekuwa mkavu kama nyimbo za Bob Dylan, Diana Ross asingekuwa na pa kushika.

Kanda za majaribio zilitumwa kwa wasanii siku chache tu kabla ya kurekodi. Wakati huohuo Quincy Jones na mpangaji wa sauti, Tom Bahler, walikuwa kwenye kazi ambayo naiona kuwa moyo wa mradi mzima: kuamua nani aimbe mstari upi. Bahler alirudi kwenye rekodi za kila msanii, akasikiliza sauti yake inakaa wapi vizuri, inapanda hadi wapi, ina mchanga kiasi gani. Kisha akawapanga wafuatane kwa namna ambayo kila sauti ingeitofautisha ile iliyotangulia. Sikiliza wimbo huo tena ukiwa na jambo hili kichwani. Dionne Warwick, sauti laini kama hariri, anampokeza Willie Nelson anayeimbia puani. Baadaye Bruce Springsteen anakwaruza, Kenny Loggins anasafisha, Steve Perry anapandisha, Daryl Hall anapandisha zaidi. Hapo ngazi inajengwa kwa sauti za watu wanne, na hakuna hata mmoja mwenye nafasi ya kutosha kuifanya ngazi iwe yake. Kim Carnes alipata maneno machache tu. Alikuwa na kibao kilichokaa wiki tisa kileleni Marekani mwaka 1981, lakini pale kazi yake ilikuwa kuwa daraja kati ya sauti mbili.

Usiku wenyewe ulichaguliwa kwa hesabu. Tuzo za American Music Awards zilikuwa zinafanyika Los Angeles jioni hiyohiyo, kwa hiyo wengi walikuwa mjini tayari. Richie mwenyewe ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Walitoka kwenye sherehe na mavazi yao ya kung'aa, wakaingia studio karibu saa nne usiku, wakatoka jua limeshachomoza. Mlangoni Quincy Jones alikuwa amebandika karatasi inayowataka waache majivuno nje. Karatasi hiyo ndiyo inayosimuliwa kila mara, ila nadhani utepe uliobandikwa sakafuni ulifanya kazi kubwa zaidi. Kila mmoja alikuta jina lake limeandikwa mahali pa kusimama. Hapakuwa na mjadala wa nani asimame mbele. Na waimbaji wa solo walipangwa nusu duara mbele ya maikrofoni, wakitazamana, ili kila mmoja aimbe mstari wake huku wenzake wakimsikiliza. Ukiwa umezungukwa na Ray Charles, Tina Turner na Paul Simon, huna ujasiri wa kudai mstari wako urudiwe mara arobaini.

Mivutano haikukosekana, na mmojawapo unatuhusu. Usiku ulipokuwa mkubwa, Stevie Wonder alipendekeza waingize maneno ya Kiswahili kwenye kiitikio. Nia ilikuwa njema. Kwa Wamarekani weusi wa kizazi chake Kiswahili kilikuwa lugha ya kujitambulisha na Afrika. Ubishi ukawaka. Waylon Jennings, nguli wa country, aliondoka studio wakati wa ubishi huo. Geldof, aliyekuwa amealikwa na aliyekuwa ametoka kuona kambi za wenye njaa kwa macho yake, akawaambia kwamba watu wa Ethiopia hawazungumzi Kiswahili. Pendekezo likaachwa. Naamini lilistahili kuachwa, nasi wenye lugha hii tungekuwa wa kwanza kuona kasoro: Kiswahili kingewekwa pale kama pambo la Afrika nzima, kwa ajili ya wahanga wanaozungumza Kiamhari, Kitigrinya na Kioromo. Sifa ya Stevie ni kwamba hakukasirika akaondoka. Alibaki, na saa chache baadaye ndiye aliyeokoa mstari wa mtu mwingine.

Mtu huyo ni Bob Dylan. Katika picha za video za usiku ule anaonekana amesimama katikati ya waimbaji wenye mapafu makubwa, midomo ikisogea kidogo, macho yakitafuta njia ya kutokea. Zamu yake ya solo ilipofika alinung'unika maneno kwa sauti ya chini isiyofika popote. Hakujua wanataka nini kwake. Wakawapunguza watu chumbani. Stevie Wonder akakaa kwenye piano, akaanza kumwimbia mstari huo kwa kumwigiza Dylan mwenyewe: sauti ya puani, maneno yanayoburutwa mwishoni. Dylan akamsikia Dylan, akatabasamu, akaelewa. Yaliyo kwenye santuri ndiyo yaliyotokea baada ya hapo. Sijui kipande cha filamu ya muziki kinachoeleza ushirikiano vizuri zaidi ya hicho: mwimbaji mkubwa anatumia kipaji chake chote kumrudishia mwenzake sauti yake.

Kuna pia Huey Lewis, aliyepewa mstari uliokusudiwa kwa Prince. Prince hakutokea. Lewis akajikuta anaimba mara tu baada ya Michael Jackson, na mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi miguu ilivyomtetemeka. Cyndi Lauper alilazimika kuvua mikufu yake kwa sababu maikrofoni ilikuwa inanasa mlio wake. Hayo ni madogo, lakini ndiyo yanayojaza usiku wa kurekodi.

Kilichofuata kinajulikana. Wimbo ulitoka Machi 7, 1985, nakala 800,000 za kwanza zikaisha ndani ya siku chache, na Aprili 13 ukafika kileleni mwa chati ya Billboard na kukaa wiki nne. Nakala zaidi ya milioni 20 ziliuzwa duniani. Tusisahau upande wa karatasi: wasanii wale walikuwa chini ya kampuni tofauti za muziki, na kila kampuni ilipaswa kumruhusu mtu wake asikike kwenye santuri iliyotolewa na Columbia. Ruhusa kama hiyo hutolewa kwa shida sana. Ilitolewa kwa sababu ya njaa, na kwa sababu hakuna kampuni iliyotaka kuonekana imeikataa.

Kuna lawama moja ambayo haifutiki: wimbo kuhusu Afrika haukuwa na mwimbaji hata mmoja aliyekuwa akiishi na kufanya kazi yake barani. Mwaka huohuo mwanamuziki wa Kiafrika Manu Dibango alikusanya wenzake, wakiwemo Youssou N'Dour, Salif Keita na Ray Lema kutoka Kongo, wakarekodi Tam-Tam pour l'Éthiopie. Wimbo huo haukuvuma kama ule wa Hollywood. Ukiusikiliza leo unasikia watu wanaojua wanamwimbia nani.

Sasa tutazame mfano wa kinyume, ambapo mgawaji hakuwepo. Julai 1981, katika studio za Mountain huko Montreux, Uswisi, kundi la Queen lilikuwa linarekodi, na David Bowie akapita. Aliyeongoza sauti za Queen ni Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1946. Walianza kwa kucheza nyimbo za watu wengine kwa starehe, na kabla usiku haujaisha wakawa na wimbo wao, Under Pressure. John Deacon alikuwa na mpigo wa besi wa noti chache. Walikwenda kula, waliporudi akawa ameusahau, wenzake wakamkumbusha. Bowie akatoa wazo kwamba kila mmoja aingie peke yake kuimba chochote kinachomjia, bila kusikia alichoimba mwenzake. Ndiyo maana sauti za Mercury na Bowie mle ndani zinasikika zikigongana, moja ikipaa na nyingine ikitembea.

Wimbo ulishika namba moja Uingereza mwezi Novemba. Lakini uundaji wake ulikuwa vita. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, ameeleza kwamba ilikuwa vigumu kwa watu watano waliozoea kuamua. Bowie alishika usukani wa mashairi, na kazi ya kuchanganya sauti New York ikawa ya kuvutana. May alichagua kujiweka pembeni, na hakuwahi kuridhika na mchanganyo ule. Hata hapa, basi, mtu mmoja alilazimika kujipunguza ili wimbo utoke. Tofauti ni kwamba hakupangiwa, alichoka. Bowie na Mercury hawakuwahi kuuimba pamoja jukwaani. Bowie aliuimba na Queen huko Wembley mwaka 1992, Annie Lennox akiwa upande wa pili, miezi mitano baada ya Mercury kufariki.

Swali la kwa nini mambo haya hayarudiki limejibiwa kwa vitendo. Februari 1, 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Quincy Jones na Lionel Richie waliwakusanya wasanii zaidi ya 80 kwenye jengo lilelile la Hollywood, wakarekodi We Are the World upya. Ilifika namba mbili Marekani, si matokeo mabaya, lakini ni wachache wanaoitaja leo. Ukiisikiliza unaelewa. Waimbaji ni wengi mno, kila mmoja anataka kuacha saini yake kwa kuzungusha sauti, na hata sehemu ya kufoka iliongezwa ili wote waenee. Mgao wa Bahler ulikuwa na nafasi za ukimya kati ya sauti, huu hauna. Ni kweli kwamba Band Aid ilirudiwa mwaka 1989, 2004 na 2014, na kila mara ikafika kileleni Uingereza. Chati ilipatikana, lakini toleo linalopigwa redioni kila Desemba ni la 1984.

Nayafikiria haya ninaposikiliza kolabo zetu. Diamond Platnumz alipomshirikisha Davido kwenye remix ya Number One mwaka 2014, alijua anachofanya: wimbo ulikuwa umesimama tayari, mgeni aliingia kwenye nyumba iliyojengwa, na milango ya Nigeria ikafunguka. Kolabo nyingi zilizofuata Afrika Mashariki zimechukua ganda la mpango huo. Biti inatumwa kwa simu, mgeni anarekodi beti yake kwenye studio ya mji mwingine kwa mtindo uleule anaotumia kila siku, fundi anaiunganisha, na wawili hao wanakutana siku ya kupiga video. Hapo hakuna wa kumwambia mgeni kwamba beti yake ndefu inaua kiitikio, kwa sababu aliyelipia hiyo beti anaogopa kumkata. Prodyuza, ambaye masikio yake ndiyo yangeokoa wimbo, anapokea faili na maagizo. Mkataba wa kolabo unaotaja malipo, asilimia na mpangilio wa majina kwenye bango ungefaa pia uandike kwamba prodyuza ana haki ya kufupisha sauti ya yeyote, awe mwenyeji au mgeni, na kwamba wote wawili watakaa chumba kimoja angalau usiku mmoja kabla wimbo haujafungwa.