Bendera Ngomeni, Mpaka Baharini

Januari 1964, meli ya kifalme iitwayo Seyyid Khalifa iliikaribia Mombasa ikiwa imembeba Sultan Jamshid bin Abdullah, aliyeyakimbia mapinduzi ya Unguja ya tarehe 12 mwezi huo. Serikali ya Kenya ilikataa kumpa ruhusa ya kushuka. Mwezi mmoja tu nyuma, kisheria, kisiwa kile cha Mombasa kilikuwa chake. Ikabidi aelekee Dar es Salaam, na kutoka huko akapanda ndege kwenda Uingereza.

Chake kwa namna gani? Shuleni tulisoma kwamba Kenya ilikuwa koloni la Mwingereza. Mombasa haikuwa. Desemba 1895, Uingereza ilipatana na Sultan Hamad bin Thuwaini iutawale ukanda wa pwani kwa niaba yake, kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Upana wake ulikuwa maili 10 kuingia bara, zikipimwa kutoka pale maji yanapofika yakijaa. Mwaka 1920 bara ikafanywa Koloni, ukanda ukabaki Himaya. Nchi mbili, gavana mmoja.

Mpaka huo haukuwa na ukuta. Abiria aliyepanda gari la moshi Mombasa alikwishatoka kwa Sultan na kuingia kwa Mfalme wa Uingereza kabla ya kufika Mackinnon Road, kituo chenye jina la William Mackinnon, ambaye kampuni yake ndiyo iliyoukodi mwambao kabla ya serikali ya Uingereza kuuchukua. Gari halikusimama kumjulisha.

Mjini, hata hivyo, dalili zilikuwa wazi. Palikuwa na liwali na mudiri; kadhi aliamua mashauri ya ndoa, talaka na mirathi; na bendera nyekundu ya Sultan ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Ajabu ni kwamba chini ya bendera hiyo, tangu 1895 hadi 1958, Waingereza walikuwa wameigeuza ngome kuwa jela. Fahari ilikuwa mlingotini, funguo zilikuwa kwa wengine.

Uhuru ulipokaribia, maili hizo 10 zikawaka moto. Wanasiasa wa Mwambao walitaka pwani ijitawale, au irudi Zanzibar. Ronald Ngala, Mgiriama na kiongozi wa chama cha KADU, alitaka majimbo ndani ya Kenya. Chama cha KANU kilitaka nchi moja yenye serikali moja. Wamijikenda wengi hawakuona sababu ya kurudi chini ya Sultan, kwani habari za utumwa na za ardhi zilizowatoka mikononi zilikuwa bado zinasimuliwa majumbani. Sir James Robertson, aliyetumwa na Uingereza kuichunguza kadhia hiyo mwaka 1961, alishauri ukanda uunganishwe na Kenya.

Ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta alipatana na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar: Sultan aachie dai lake, na Kenya ilinde mahakama za kadhi na hati za ardhi za pwani. Kadhi yupo hadi leo, katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Manung'uniko nayo yapo: kundi la MRC, lililotaka pwani ijitenge, liliufufua mjadala wa mapatano hayo kwa kauli ya "Pwani si Kenya", likapigwa marufuku, na Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo.

Mpaka wa bara ukafutika hivyo. Uliowauma watu wa Mji wa Kale ulikuja upande wa pili. Kwa mwenyeji wa mitaa yake ya Kuze au Kibokoni, Tanga, Pemba na Unguja si ugenini. Ni kwa shangazi, kwa mjomba, kwa wakwe. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Kwenye njia ya Tanga, Lunga Lunga pakawa mwisho wa safari.

Miaka sita na zaidi inamtosha mtoto kuzaliwa Tanga na kukaribia kuanza shule bila nyanya yake wa Mombasa kumtia machoni. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya Kenya, Uganda na Tanzania kukubaliana namna ya kugawana mali na madeni ya jumuiya iliyokufa. Waliokuwa na arusi na matanga ng'ambo walikuwa wakisubiri hesabu za reli na ndege za jumuiya hiyo.