Kutoka Yai la Kuku hadi Taya la Mtoto

Mfugaji wa Mkonze, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, akitaka kujua yapi ni mayai viza, huyamulika kwa tochi gizani. Yai lililoatamiwa siku nne likiwa zima litaonyesha vijishipa vyekundu, na katikati kitone kinachodunda. Kitone hicho ni moyo. Kando yake, hata kama tochi haimuliki hadi huko, vimeanza kuota vichipukizi vinne: viwili vya mabawa, viwili vya miguu.

Kinachoshangaza ni kwamba seli za bawa na za mguu zina jeni zilezile. Kinachotofautiana ni jeni zipi zinasomwa. Kuna protini ambazo kazi yake ni kushika mahali maalumu kwenye DNA na kuamuru jeni iliyo jirani isomwe au inyamaze. Binadamu ana aina zipatazo 1,600 za protini hizi zinazoongoza jeni. Kwenye kichipukizi cha bawa hufanya kazi protini iitwayo Tbx5. Kwenye mguu, Pitx1. Mwaka 1999 watafiti waliilazimisha Pitx1 ifanye kazi ndani ya kichipukizi cha bawa la kifaranga, na bawa likaanza kuchukua sura ya mguu. Wale kuku wenye manyoya hadi kwenye vidole vya miguu nao wana kisa kama hicho, ila kinyume chake: Tbx5, protini ya bawa, imejitokeza mguuni.

Kwa binadamu Tbx5 hujenga mkono na pia husaidia kugawa vyumba vya moyo. Ndiyo maana daktari makini akipokea mtoto mchanga asiye na dole gumba, au mwenye dole gumba lenye umbo la kidole cha kawaida, humwagizia kipimo cha moyo. Hitilafu katika jeni moja tu inaweza kuharibu mkono na kuacha tundu moyoni. Wazazi huulizwa mama alikula nini au alimkosea nani. Mara nyingi hakuna alichokosea.

Lakini protini ninayotaka kuizungumzia zaidi ni MYC, ambayo haichagui umbo lolote. Yenyewe huamuru seli ikue na igawanyike. Jeni yake ilitambuliwa kwanza ndani ya virusi vinavyowapa kuku saratani, ndipo ikajulikana kwamba virusi viliiiba kutoka kwa kuku wenyewe, na kwamba sisi pia tunayo. Kijusi cha panya kisicho nayo hufa kabla ya siku ya 11. Kwa mtu mzima huamshwa kwa muda mfupi, pale mwili unapohitaji seli mpya za damu au za utumbo, kisha huzimwa. Mwili hauiachii nafasi ya kuzurura: nusu ya MYC iliyotengenezwa huvunjwa ndani ya dakika 30 hivi.

Madhara ya MYC isiyozimika yalionekana Afrika Mashariki miaka mingi kabla yeyote hajaijua kwa jina. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja. Burkitt hakuridhika na wagonjwa wawili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakashuka kusini, hospitali hadi hospitali, wakipita Tanganyika na kuendelea, takriban kilomita 16,000. Walikuta ugonjwa haupo nyanda za juu zenye baridi wala sehemu kavu sana. Ramani yao ilikaribiana mno na ya malaria.

Mwaka huohuo mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akitoa mhadhara London, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuwa wamekuta virusi ndani ya seli hizo, ndivyo tunavyoviita leo virusi vya Epstein-Barr. Tatizo ni kwamba watoto wetu karibu wote huambukizwa virusi hivi wakiwa wadogo, na wengi mno hawaugui.

Jibu la kwa nini wachache huugua lilikuwa kwenye kromosomu. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, zina kimeng'enya kinachokata DNA makusudi ili kuboresha kingamwili hizo. Malaria ya mara kwa mara huziamsha seli hizi bila kupumzika, kwa hiyo ukataji huongezeka, na siku moja mkato huangukia karibu na MYC. Virusi navyo huisaidia seli iliyoharibika isife. Mara nyingi kipande cha kromosomu namba 8 chenye MYC huungwa kwenye namba 14, ubavuni mwa jeni ya kingamwili, ambayo ndani ya seli B haizimwi. Ni nyumba ya maji ya mgao iliyounganishwa na bomba kuu: hakuna tena wa kufunga. Kuhama huku kwa MYC kulithibitishwa mwaka 1982. Protini ni ileile iliyomlea mtoto tumboni, haikubadilika kuwa adui kutoka nje. Kilichobadilika ni jirani wa jeni yake.

Dodoma, kwenye uwanda wa kati, iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, na ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini. Kwa hiyo saratani hii, ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt, haitarajiwi sana hapa. Hata hivyo, tangu serikali ihamie, familia zimekuja kutoka kila pembe, Kanda ya Ziwa ikiwemo, na mtoto huja na historia ya malaria ya alikotoka. Muuguzi wa zahanati asiseme "huku hatuna ugonjwa huo".

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wake, kwa kuwa dawa za saratani hupiga seli zinazogawanyika. Burkitt, ambaye Mulago hakuwa na mashine za mionzi, aliona baadhi ya watoto wakipona kwa dozi chache tu za dawa. Leo wagonjwa hupewa mchanganyiko wa dawa pamoja na maji mengi ya mshipani, maana uvimbe ukiyeyuka ghafla mabaki yake huweza kuziba figo. Taya likivimba na meno yakaanza kulegea, au tumbo likajaa ndani ya siku chache, mtoto asipelekwe kung'olewa jino kwanza. Apelekwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya mkoa wiki hiyohiyo, akakatwe kipande cha uvimbe kipimwe.