Gari la mtumba: kasoro iliyotangazwa Japani, mwenye gari Kigoma hakuambiwa

Wasikilizaji wetu wa Ujiji, Mwandiga, Kasulu na Uvinza wametuuliza swali moja kwa namna nyingi: gari dogo la mtumba kutoka Japani, lenye umri wa miaka 15 au 20, ni salama kiasi gani? Baadhi yao wana magari yao. Wengi zaidi ni abiria wa michomoko, wanaobanana kila siku na madumu ya mawese na magunia ya dagaa.

Jibu fupi ni hili. Gari kuukuu linaweza kuwa salama, ila kasoro zake ni za aina mbili. Ya kwanza ni uchakavu: breki, matairi, mipira ya chini. Hiyo fundi mzuri anaiona. Ya pili ni kasoro iliyozaliwa nayo kiwandani. Hiyo haionekani kwa macho, na habari yake mara nyingi ilibaki Japani gari lilipopanda meli.

Tuanze na hiyo ya pili, kwa sababu imetugusa sisi wenyewe.

Taa ambayo haikuwaka

Gari letu la kazi ni dogo, la mtumba, tulilinunua Dar es Salaam likiwa linang'aa. Kwa miaka miwili tulikwenda nalo Manyovu, Kalinzi na Uvinza kurekodi vipindi. Siku moja fundi wa Mwanga alituuliza: mbona mkiwasha ufunguo taa ya eabegi haiwaki kwenye dashibodi?

Hatukujua kama inatakiwa kuwaka. Alitueleza kwamba unapowasha ufunguo, taa hiyo huwaka sekunde chache kisha huzimika, ndiyo dalili kwamba mfumo umejipima na uko sawa. Ikibaki inawaka, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliizima makusudi ili mnunuzi asiione. Alipofungua dashibodi alikuta taa imezibwa kwa utepe mweusi.

Baada ya hapo tukachukua namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari, tukaitafuta kwenye tovuti ya kiwanda. Jibu likaja: gari hili liliitwa lirudi kufanyiwa marekebisho ya eabegi ya upande wa abiria. Halikurudi. Lilikuwa limeshauzwa nje ya Japani.

Eabegi ni nini, na ilikuwa na shida gani?

Eabegi ni mfuko uliokunjwa ndani ya usukani, na mwingine ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Gari likigonga kwa nguvu, dawa iliyo ndani ya kikopo cha chuma huwaka mara moja na kutoa gesi, mfuko unajaa kufumba na kufumbua, na kichwa cha mtu kinaangukia mfuko badala ya chuma.

Kampuni ya Japani iitwayo Takata ilitengeneza eabegi kwa viwanda vingi vya magari. Katika nyingi ya hizo ilitumia dawa ya amonia naitreti bila kuweka kitu cha kunyonya unyevu. Miaka inavyopita, joto la mchana, baridi ya usiku na unyevu wa hewa huiharibu dawa hiyo. Siku ya ajali inawaka kwa kasi kupita kiasi, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinaruka usoni na shingoni mwa mtu ambaye eabegi ilikusudiwa kumwokoa.

Duniani kote zaidi ya watu 30 wamekufa kwa sababu hiyo. Wito wa kurudisha magari ulianza mwaka 2008, ukapanuka sana kuanzia 2014, ukafikia eabegi zipatazo milioni 100. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Baadhi ya magari yaliyoitwa tunayajua vizuri huku kwetu: Toyota Corolla, Vitz na RAV4 za miaka ya 2000, Nissan X-Trail, Honda Fit. Si kila gari la majina hayo lina kasoro. Inategemea mwaka na mahali lilipotengenezwa, ndiyo maana namba ya chesisi ni muhimu kuliko jina la gari.

Usidhani ni habari ya zamani. Mwezi Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye magari wapatao 50,000 huko Marekani, zikiwemo Corolla za 2003 na 2004, waache kabisa kuyaendesha hadi yarekebishwe. Eabegi hizi hazipoi kadiri zinavyozeeka. Zinazidi kuwa hatari, hasa kwenye joto na unyevu. Na sisi tunaoishi kando ya ziwa, mvua ikinyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, tuko kwenye joto na unyevu.

Kasoro nyingine: swichi ya vioo

Mwaka 2012 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 7 duniani, zikiwemo Vitz, Corolla na RAV4 za miaka fulani, kwa sababu ya swichi ya kupandisha vioo iliyo kwenye mlango wa dereva. Grisi haikupakwa sawasawa kiwandani. Swichi inakwama, inachoka, na inaweza kuyeyuka au kuwaka moto.

Hapa kuna onyo kwa mafundi na wenye magari. Swichi ikikwama, usiipulizie mafuta ya kopo yanayotumika kulegezea nati. Toyota yenyewe ilionya kwamba mafuta ya namna hiyo yanaweza kuifanya swichi iyeyuke. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua mlangoni, simama, zima gari, shusha watu.

Kwa nini hukuambiwa?

Kiwanda kinapogundua kasoro, humwandikia barua mwenye gari anayejulikana kwenye daftari la usajili la nchi yake. Gari likishafutwa usajili Japani na kupakiwa melini, barua inakwenda kwa mtu ambaye hana gari tena. Wewe wa Kigoma, uliyelinunua kwa mtu wa tatu au wa nne, jina lako halimo popote kwenye daftari hilo.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hukagua magari ya mtumba yanayoingia nchini. Ukaguzi wa gari huangalia breki, taa, usukani, matairi na mwili wa gari. Dawa iliyoharibika ndani ya kikopo kilichofungwa haionekani kwa ukaguzi wa namna hiyo. Kwa hiyo cheti cha ukaguzi ni jambo jema, lakini hakijibu swali la eabegi.

Namna ya kuuliza gari lako

1. Chukua kadi ya gari. Andika namba ya chesisi yote, herufi na tarakimu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi, mfano herufi na tarakimu chache, kistari, kisha tarakimu saba.

2. Linganisha na namba iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Zikitofautiana, usinunue.

3. Ingia kwenye tovuti ya Japani ya kiwanda kilichotengeneza gari, sehemu ya wito wa marekebisho. Iko kwa Kijapani, lakini simu nyingi sasa zinatafsiri. Kama simu yako ni ya batani, mwombe kijana mwenye intaneti.

4. Ukipata jibu kwamba kuna marekebisho hayajafanyika, wasiliana na wakala rasmi wa chapa hiyo hapa nchini. Kwa kawaida kiwanda hubadilisha sehemu yenye kasoro bila malipo, lakini kwa gari lililoingia kwa njia ya mtumba uliza kwanza kabla ya kusafiri.

5. Usimruhusu fundi wa mtaani kuifungua eabegi. Ile ni baruti. Pia usinunue eabegi iliyotolewa kwenye gari lililokatwa vipande. Huenda ndiyo ile ile.

Uchakavu: yale unayoweza kuyaona

Sasa turudi kwenye aina ya kwanza, inayotupata kila siku.

Breki. Barabara ya Manyovu inapanda milima kisha inashuka kuelekea ziwani. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, ndiyo maana yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Yasipobadilishwa, breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu maji yale yanachemka, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Shuka kwa gia ndogo. Kwenye gari la otomatiki weka 2 au L, usikanyage breki mfululizo.

Kuzima injini mteremkoni. Wapo madereva wanaofanya hivi ili kuokoa mafuta. Nguvu inayosaidia breki inatokana na injini. Ukiizima, utakanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na ufunguo ukizungushwa hadi mwisho unaweza kujifunga. Lita moja ya petroli hailingani na roho za watu.

Matairi. Tazama ubavuni mwa tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mfano 2214 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2014. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri lakini mpira umekufa, una nyufa ndogondogo ubavuni. Magari mengine huja na matairi ya theluji ya Japani. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi, na kwenye lami ya moto huisha haraka.

Mguu wa mbele. Barabara za vumbi na makorongo huua bolijointi, tairodi, bushi na shokapu. Ukisikia mlio wa kugonga kwenye kona au usukani unatetema, usisubiri. Bolijointi ikichomoka gurudumu linalala, na gari haliongozeki tena.

Mzigo ambao gari halikutengenezewa

Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu Probox si kosa la Probox. Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka 2002 kama gari la kazi. Lile la mizigo lilipangiwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili, au kilo 250 likiwa na watu watano.

Tupige hesabu. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Madumu 20 ni kilo 360 na zaidi. Kwa dereva na mtu mmoja, gari limekaribia kikomo. Likiwa na watu watano, kikomo ni madumu 13. Sasa weka watu tisa, na juu yake madumu na magunia. Breki zile zile, matairi yale yale, yaliyozeeka miaka 20. Nyuma inalala, taa za mbele zinamulika juu na kumpofusha anayekuja, matairi yanachemka. Na wale wanne waliozidi hawana mkanda.

Abiria, neno lako lina uzito

Mama anayewahi soko na mtoto mgongoni hawezi kukagua breki. Lakini anaweza kutazama mambo matatu kabla ya kupanda: matairi yamekwisha? watu wamezidi? dereva anazima injini mteremkoni? Kama ndiyo, mwambie, "Mwanangu, hapana, nishushe." Wakisema hivyo abiria watatu, dereva atasikia. Ikishindikana, andika namba ya gari na uitoe kwa askari wa usalama barabarani au ofisi ya LATRA. Na kama muuzaji alikuficha kasoro kwa makusudi, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji.

Gari letu je?

Tuliwasiliana na wakala. Tuliambiwa tulipeleke gari Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa. Bado tunatafuta nafasi na nauli ya kulifikisha. Hadi siku hiyo tumekubaliana jambo moja ofisini: kiti cha mbele kushoto hakikaliwi na mtu. Kinawekwa mabegi na rekoda. Wageni hutuuliza kwa nini wanabanwa nyuma ilhali mbele pako wazi, nasi huwaeleza haya tuliyowaeleza ninyi.

Leo jioni, kabla ya kulala, toa kadi ya gari lako na uiandike ile namba ya chesisi. Kama huna gari, mpelekee habari hii dereva unayempanda kila siku.