Kitenge na Shahada Yake

Njia kuu ya malori itokayo bandari ya Dar es Salaam, baada ya kupita Dodoma, Singida na Kahama na kuvuka mpaka baina ya Kabanga na Kobero, hufika kwanza Muyinga, na hapo tawi lake moja hupitia Karuzi kuelekea Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya siasa ya Jamhuri ya Burundi. Katika shehena zipitazo njia hiyo, pamoja na saruji na mafuta, yamo majora ya vitenge na doti za kanga, baadhi zimetoka viwanda vya Tanzania, baadhi India na China, na baadhi hazijulikani asili yake ila kwa maneno yaliyopigwa chapa pindoni.

Maneno hayo ya pindoni yana hadhi kubwa mno machoni pa wanunuzi, na hapo ndipo penye hatari. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond nchini Uholanzi, ilizoea tangu zamani kuandika ukingoni mwa nguo zake kwamba ni za nta na zina dhamana. Nao wenye kuiga, walipoona jinsi maandishi hayo yanavyopandisha bei, wakaiga nakshi na maandishi pamoja, hata leo dhamana ile ile husomeka juu ya kitambaa ambacho hakikuguswa na nta wala hakikufumwa kwa uzi wa pamba. Yaliyo pindoni ni kauli ya mwenye bidhaa kuisifu bidhaa yake. Shahada ni jambo jingine: ni ushahidi wa mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi, aliyekichukua kitambaa akakipeleka maabara, akakipima kwa kanuni zijulikanazo, kisha akaandika alichokiona, akatia nambari na tarehe.

Katika shahada za usalama, iliyoenea kuliko nyingine duniani ni ile iitwayo Oeko-Tex Standard 100, iliyotungwa mwaka 1992 na taasisi za utafiti wa nguo za Austria na Ujerumani. Kazi yake ni kutafuta katika nguo vitu viwezavyo kudhuru siha ya mvaaji. Kimoja ni fomaldehaidi, dawa itumiwayo kuzuia mikunjo, na ambayo pengine hutoka katika gundi zinazoshikiza rangi za unga juu ya kitambaa. Hiyo huwasha ngozi na macho, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani. Kingine ni zile rangi za jamii ya azo ambazo, zikivunjika, huzaa amini zenye sumu. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kuanzia mwaka 2003 kwa kuzitaja amini 22 na kuweka mpaka wa miligramu 30 kwa kila kilo ya nguo. Si rangi zote za azo zilizo mbaya, na mtu asidhani kwamba kila chekundu kikolezacho kina madhara. Bali jicho haliwezi kuipambanua iliyo salama na isiyo salama, na ndiyo sababu maabara ikahitajika.

Sasa lipo jambo moja katika shahada hiyo ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote kwa watu wa nchi hii ya Burundi, nalo ni kwamba nguo hupimwa kwa kadiri ya matumizi yaliyotajwa na aliyeomba kupimiwa. Madaraja ni manne: la kwanza ni la nguo za watoto wasiozidi miaka mitatu, la pili ni la nguo zigusazo mwili, la tatu la zile zisizougusa sana, na la nne la mapazia na vitambaa vya meza. Katika daraja la pili fomaldehaidi huruhusiwa kufika miligramu 75 kwa kilo. Katika daraja la kwanza haitakiwi hata kuonekana katika kipimo. Tena nguo ya mtoto sharti ishinde jaribio ambalo ya mtu mzima haidaiwi, yaani kuloweshwa katika maji yaliyotengenezwa mfano wa mate, ili ijulikane kama rangi itatoka mtoto akiitia kinywani.

Basi na atazamwe mama yeyote sokoni Gitega siku yenye baridi ya Juni. Kitenge kimoja kimefungwa kiunoni, cha pili, ndugu wa jora lile lile, kimekuwa mbeleko, na mtoto aliye mgongoni ameushika ukingo wake kwa ngumi mbili akiunyonya kwa muda wote ambao mama yake anapatana bei ya maharagwe, mpaka ile sehemu ya njano imelowa na kugeuka rangi. Usiku kitenge hicho hicho ni shuka. Aliyekichapa kiwandani alikihesabu kuwa nguo ya kushonea rinda, naye aliyekipima, kama kilipimwa, alikipima kwa daraja la pili. Kumbe huku kwetu hakuna kitenge kisichokuwa nguo ya mtoto mchanga. Kwa hiyo naona ni haki kabisa kwa mnunuzi wa Burundi kudai kwamba vitenge viletwavyo kwake vipimwe kwa daraja la kwanza, na mfanyabiashara amwambiaye kwamba kitambaa kina shahada ana wajibu wa kumwambia ni ya daraja gani.

Shahada za uimara hushughulikia mambo ambayo mafundi cherehani wanayajua pasipo maabara: kuchuja, kupauka na kurudi. Kanuni za kimataifa zijulikanazo kwa nambari ISO 105 zimeyapa mawili ya kwanza, yaliyo ya rangi, vipimo. Kujua kama rangi huambukiza, hukatwa kipande cha pamba nyeupe, kikasuguliwa juu ya chapa mara kumi kwenda na kurudi, kwanza kikavu kisha kibichi, halafu doa lililobaki hulinganishwa na vivuli vya kijivu na kupewa alama toka 1, iliyo mbaya, hata 5. Jaribio hili mtu aweza kuliiga dukani kwa leso nyeupe iliyoloweshwa, na muuzaji mwenye kuiamini bidhaa yake hatalikataa. Rangi za unga, ambazo hukaa juu ya uzi kwa gundi, aghalabu huanguka katika msuguo wa majimaji. Zile zinazoungana na pamba yenyewe, ambazo viwanda vya Uingereza vilianza kuziuza mwaka 1956, hudumu zaidi, ila kiwanda kikifanya haraka kisizisuuze vyema, ziada yake hutoka katika kufua kwa kwanza na kuharibu mashati meupe ya nyumba nzima.

Kuhusu hifadhi ya mazingira nitasema machache. Alama ya GOTS hutaka angalau asilimia 70 ya uzi iwe ya kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani, na hutaka maji ya kutilia rangi yasafishwe kabla ya kumwagwa. Pamba ya namna hiyo hulimwa jirani yetu Tanzania, katika wilaya ya Meatu, tangu miaka ya 1990. Burundi nayo hulima pamba katika bonde la Imbo na katika Moso chini ya kampuni ya COGERCO, na Bujumbura kipo kiwanda cha Afritextile, kilichorithi majengo ya kiwanda cha zamani cha COTEBU. Na kwa kuwa mji huo umekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo watu wa nchi nne hunywa maji yake na kula samaki wake, sharti la maji safi lina uzito hapa usiopungua ule wa Ulaya.

Huenda msomaji wa Muyinga akauliza hayo yatamfaa nini yeye ambaye hununua yadi sita kwa muuzaji aliyetandika bidhaa yake chini. Yatamfaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya sheria: Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, ilikwisha kupitisha mwaka mmoja kabla yake sheria ya viwango na upimaji, ambayo kwayo alama ya ubora iliyotolewa na shirika la viwango la nchi moja hutambuliwa katika nchi nyingine, hata kitenge chenye alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, hakipotezi ushahidi wake kikivuka Kobero. Ya pili ni ya biashara. Muuzaji wa reja reja hana uwezo wa kwenda kiwandani, lakini yule wa jumla anunuaye majora Dar es Salaam au Kampala anao, na karatasi ya kuomba ni moja tu: nakala ya shahada, yenye jina la kiwanda, daraja la nguo, nambari na tarehe. Shahada ya Oeko-Tex hudumu mwaka mmoja, na nambari yake huweza kuhakikiwa kwa simu yenye intaneti kabla fedha hazijatoka mkononi. Nambari isipopatikana, au ikapatikana kwa jina la kampuni nyingine, au mwaka wake ukawa umekwisha, mnunuzi wa jumla anayo haki ya kupunguza bei au kuliacha jora lile pale pale ghalani.