Mashada ya Nini Kama Godoro Hakuna?

Msomaji wangu, kama hujawahi kuhudhuria mahafali ya kidato cha nne hapa Dar, basi umepitwa na uhondo! Ikifika Septemba na Oktoba, Jumamosi haina nafasi. Magari yamejaa langoni mwa shule, kina mama wamepiga sare za vitenge, MC anapayuka kwenye spika. Mtoto akiitwa jina, ukoo mzima unainuka. Vigelegele juu, khanga chini, na shingoni mashada ya maua, pipi na noti mpaka pua haionekani. Hata dingi ambaye hajacheza muziki tangu siku ya harusi yake, siku hiyo anakata kiuno bila aibu.

Ni poa sana, sipingi. Kumaliza miaka minne ya sekondari si mchezo. Wengi walianza pamoja wakaishia njiani, kwa mimba, kwa nauli, au kwa kukata tamaa tu. Aliyefika mwisho anastahili kupigiwa makofi na watu wake.

Lakini hebu tuulizane, tunashangilia nini hasa? Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne unafanyika Novemba. Ina maana siku ile tunakula pilau, mtoto hajajibu hata swali moja! Wenzao wa kidato cha sita hivyo hivyo, sherehe mapema, mtihani Mei, matokeo Julai. Ni sawa na kumvika mchezaji medali kabla refa hajapuliza filimbi ya kuanza mpira.

Sasa njoo Januari, matokeo yametoka. Kijana wa watu kapata divisheni wani. Unadhani ile kwaya ya vigelegele inarudi? Wapi! Anapigwa begani, "hongera mwanangu, Mungu akuzidishie," picha yake inarushwa kwenye magrupu ya simu, basi. Kila mtu anashika njia yake.

Na hapo ndipo noma inapoanza. Shule nyingi za Serikali za kidato cha tano ni za bweni, na mtoto wa Temeke anaweza kupangiwa Tabora au Kagera. Ni kweli Serikali iliondoa ada, kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016, halafu cha tano na cha sita tangu 2022. Lakini godoro hainunui. Wala shuka, ndoo, viatu, sare, madaftari na nauli ya basi la mkoani. Fomu ya kujiunga ina orodha ndefu kuliko ya bwana harusi anayeposa!

Namfahamu binti mmoja wa uswahilini kwetu, mama yake anauza vitumbua. Siku ya mahafali alivikwa mashada sita. Julai wenzake wakaripoti shule, yeye yuko nyumbani anasubiri godoro. Alikwenda wiki tatu baadaye, akakuta wenzake wameshatafuna mada nzima ya fizikia. Mashada yale bado yananing'inia ukutani, yameshika vumbi. Jamani, hatuoni haya?

Usiniambie hatuna mshiko. Mtaa huo huo, mtu akitaka kuoa, kamati inaundwa usiku mmoja. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina mwenye macho makali. Kadi zinagawiwa, na ukiahidi usipotoa utapigiwa simu mpaka uizime. Utaalamu wa kuchangishana tunao, ila tumeuelekeza kwenye ukumbi na keki tu.

Basi tuuhamishe kidogo. Kutoka Januari mpaka Julai, kidato cha tano kinapoanza, ni karibu miezi sita. Watu arobaini wakitoa elfu tano tano, hiyo ni laki mbili. Mtoto kapata godoro, ndoo na nauli, na chenji ya madaftari inabaki. Shangazi aliyezoea kununua shada anunue shuka, amfunge nalo shingoni kama anataka picha! Mjomba alete begi. Vijana wa kijiweni wamsindikize stendi na ngoma. Hiyo ndiyo sherehe.

Na wewe mgeni rasmi, usijifiche. Kila mwaka wahitimu wanasoma risala ileile, maabara haina vifaa, walimu wa sayansi hawatoshi. Nawe unasimama kifua mbele, "natoa kompyuta mbili!" Makofi, picha, umeondoka. Wazazi, chukueni daftari, andikeni ahadi na tarehe, kisha mfuatilieni kama mnavyofuatilia mdeni wa kibati.

Kuna jingine. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Sawa, lakini hakuna aliyetukataza sisi kumtaja wa kwetu. Balozi amtaje kwenye kikao, msikitini na kanisani atajwe. Wadogo zake wasikie kwamba hapa mtaani mtu anaweza kupata jina kwa kitabu, siyo kwa kuuza sura tu.

Wala tusimsahau wa divisheni foo. Akienda VETA kujifunza umeme au ushonaji, naye anahitaji vifaa na neno zuri. Na yule ambaye siku ya mahafali anaitwa jina halafu kimya, kwa sababu bi mkubwa yuko gengeni anatafuta riziki, mpigie kigelegele wewe jirani. Hakina bei.

Kwa hiyo washikaji, msimu ujao chezeni, kuleni, pigeni picha. Ila kabla hujalipia shada la tatu, muulize mhitimu wako swali moja tu: godoro unalo?